Msomaji Haruki Mstari

1

Barazani kwa mafundi wa Mtaa wa Pamba kulikuwa na vyerehani kumi na vinane, na kila asubuhi kimoja kilikaa kimya. Fundi mwenye zamu hakushona. Alikaa kwenye kiti cha kamba karibu na ukuta, akawasomea wenzake gazeti kwa sauti tangu kichwa cha kwanza mpaka tangazo la mwisho, nao wakagawana kazi yake: huyu akamkunjia pindo, yule akamtilia vifungo. Mpango huo ulikuwa mkongwe kuliko karatasi-hai, mkongwe hata kuliko Kamati ya Muda iliyoutawala mji, na ulikuwa na kanuni moja tu: msomaji haruki mstari. Asome tanzia, asome bei ya karanga, asome na hotuba za Mwenyekiti wa Kamati, ambazo siku hizo zilikuwa ndefu kuliko kitambaa cha shuka.

Hidaya Nkwabi alifika hapo saa mbili na robo kuchukua gauni lake. Yeye ndiye aliyekuwa Mhariri Mkuu wa *Mbiu*, gazeti pekee lililosalia katika mji wa Njiatatu, na ilikuwa imepita miaka mingi hajasikia gazeti lake likisomwa na mtu mwingine.

"Mwangaluka, dada," Fundi Shomari alimpokea kwa salamu ya kwao, bila kuinua macho kwenye mshono. Cherehani chake kilikula jua kutoka kwenye bati la paa na kuvuma taratibu kama nyuki. "Gauni lako bado vifungo viwili. Nimelipanua mabegani, maana ninyi Wanyamwezi hata mkisoma mpaka chuo kikuu, mabega hayasahau mizigo yetu."

"Na ninyi Wazaramo mkizeeka kinabaki kinywa peke yake," Hidaya alimjibu. "Malizia vifungo, mtani."

"Nitamalizia. Kaa kwanza, kaka yako yumo katikati ya habari. Anayempita msomaji mbele anatozwa birika la kahawa."

Watu wakacheka. Hidaya akakaa kwenye benchi kando ya Bi Sikudhani, mshona vifungo, mwanamke wa miaka sabini na mitatu aliyeogopa radi, mbwa na Kamati, wala hakuona haya kusema hivyo. Zamu siku hiyo ilikuwa ya Lubinza, kaka yake Hidaya. Lubinza alikuwa mtu mrefu, mwenye hasira za karibu na moyo mpana. Aliwahi kulala mahabusu mwezi mzima kwa kuiuliza Kamati hadharani kwa nini ahadi yake ya kukaa miezi sita imefika miaka kumi na miwili. Alirekebisha miwani akaendelea.

"'Kamati ya Muda jana jioni iliwaondoa stesheni askari wake wote na kuwarudisha kambini. Msemaji wa Kamati amesema mkutano wa wananchi wa leo saa kumi hautazuiwa.'"

Vyerehani vilinyamaza kimoja baada ya kingine.

"Soma tena," alisema mtu.

Lubinza akasoma tena, safari hii polepole.

"Basi leo tunavuka reli mpaka jukwaani kwenyewe, tukaidai Kamati ahadi yake," alisema Shomari. "Tusisimame huku kama watu wanaosubiri mzigo."

"Na mimi nitakwenda," alisema Bi Sikudhani. Aliweka sindano chini. "Nilikuwa siendi. Lakini kama bunduki hazipo, nitawachukua na wajukuu zangu watatu, waje waone siku hii ili nao waje wasimulie."

Hidaya aliinuka kwenye benchi. Alfajiri ya siku hiyo, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameidhinisha nakala mama, yaani habari kama zilivyoandikwa na waandishi kabla hazijapelekwa kwenye karatasi za watu. Aliikumbuka habari ya stesheni neno kwa neno, kwa sababu alibishana na mwandishi juu ya neno "takriban" akalifuta. Ilisema: askari mia nne wako stesheni, wana risasi za moto, na wameamriwa kumpiga yeyote atakayevuka reli ya pili.

"Kaka," alisema, "hebu nipe hilo gazeti niliangalie."

"Unakuja kujisahihisha barazani?" Lubinza alitania, lakini alimpa.

Karatasi-hai ilikuwa laini kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Ilifumwa kwa nyuzi za mkonge, na juu yake zilitandazwa punje za wino, nyeusi upande mmoja na nyeupe upande wa pili. Punje zikigeuka, herufi zinabadilika. Pembeni ulipita uzi mwembamba wa kioo, na uzi huo ndio uliokuwa jicho. Uliangalia mboni za msomaji zinavyopanuka, ukasikiliza pumzi zake, ukapima jasho la vidole gumba vilivyoishika. Watu wote walilijua hilo. Ndivyo gazeti lilivyojua kumwekea mjane habari za mavuno mbele na habari za ajali nyuma. Jambo hilo liliitwa kulainisha, na wengi walilishukuru.

Hidaya aliishika karatasi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeogopa. Herufi zikatetemeka kama mtama kwenye ungo, zikatulia. Sasa zilisomeka: *Mkutano uliopangwa kufanyika leo stesheni umeahirishwa hadi Jumatatu.*

Hilo nalo hakuna mwandishi wake aliyeliandika.

Alimvuta kaka yake mpaka kwenye meza ya pasi, mwisho wa baraza.

"Kaka, leo usiende stesheni."

"Kwa nini?"

"Askari wapo. Mia nne. Nimepitisha habari hiyo mwenyewe alfajiri."

"Nimesoma kwa kinywa changu kwamba hawapo."

"Imekusoma wewe kwanza. Imekuona una hasira, ikatafuta neno la kukupoza. Mimi imeniona nina hofu, imeniambia hakuna mkutano. Kaka, nakuomba, wewe tu. Kaa nyumbani, sema unaumwa."

"Mimi tu?" Lubinza aligeuka akaonyesha kwa kidevu watu waliokuwa wanakunja vitambaa huku wakipanga nani atabeba bango. "Bi Sikudhani ni mwoga tangu utoto wetu. Leo anapeleka wajukuu. Kwa sababu ya nani? Kwa sababu mimi nimesoma."

"Basi niwaambie sasa hivi."

"Waambie. Wewe Mhariri Mkuu, unayekunywa chai na Kamati kila Jumamosi, simama hapa uwaambie wasiende. Watasema umetumwa. Na mji huu una mabaraza mangapi ya kusomea, mdogo wangu? Washona viatu wanasoma, wauza asali wanasoma, mama lishe wa sokoni wanasoma. Utazunguka kote kwa mguu?"

Hidaya alimrudishia gazeti.

"Saa nane tunafunga vyerehani," alisema Lubinza. Sauti yake haikuwa na ukali, na hilo lilimuumiza zaidi. "Niletee gazeti lisilobadilika. Usipoleta, nitakwenda pamoja nao, kwa maana siwezi kuwasomea watu njia halafu nikawaacha waifuate peke yao."

2

Nyumba ya *Mbiu* ilikuwa ghorofa mbili za matofali karibu na tangi la maji. Chini walikaa waandishi. Juu ulikaa mtambo ulioziandikia karatasi zote za mji, na pamoja nao alikaa Injinia Petronila Kyaruzi, mwanamke wa miaka thelathini na minne aliyeubuni huo mtambo akiwa bado mwanafunzi. Hidaya alipanda ngazi mbili mbili, jambo ambalo magoti yake yalikuwa yamemkataza zamani.

"Shikamoo, mama," alisema Petronila, akasimama. "Mbona unahema?"

"Marahaba. Keti. Nataka kuona karatasi walizosoma watu leo. Siitaki nakala mama. Nataka zile zilizowafikia."

"Mama, tulikubaliana hakuna anayefungua karatasi ya msomaji. Ni siri yake, kama barua."

"Ulikuwa unajua kwamba mtambo unabuni habari?"

Petronila alikaa. Alichukua muda kunyoosha kalamu tatu mezani, zilingane ncha.

"Ilianza kwenye mpira," alisema mwishowe. "Miezi miwili iliyopita. Timu ya reli ilifungwa, na wapenzi wake wakaandikiwa kwamba ni sare. Nilicheka, mama. Nikasema nitarekebisha. Kisha nikatazama malalamiko ya wasomaji, nikakuta yamepungua kwa nusu. Nikaacha."

"Na askari? Nao ni mpira?"

"Sikujua ya askari." Alisema hivyo kwa sauti ndogo. Akafungua kioo cha mtambo, akaandika, akasoma, akaandika tena. Hidaya aliona uso wake unavyobadilika, akawaza kwamba kama binti huyu angekuwa ameshika karatasi-hai, saa hizi ingekuwa inamsimulia maua.

Mwanzo wa yote hayo haukuwa mbaya. Miaka kumi na miwili nyuma, wakati magazeti yalikuwa bado ya kawaida, askari waliua watu watano sokoni. Hidaya, wakati huo mhariri wa zamu, aliandika kichwa cha habari kilichojaza nusu ya ukurasa: WAMEUA, NA WATAUA TENA. Kufikia adhuhuri watu walikuwa wamechoma nyumba za nyuma ya kambi. Askari hawakuwamo. Walikuwamo wapishi, wafuaji na watoto. Walikufa watu arobaini na mmoja. Ni baada ya hapo Kamati ilipoingia kwa ahadi ya miezi sita, na ni baada ya hapo mwanafunzi mmoja alipomletea Hidaya karatasi inayotazama uso wa msomaji.

Mwaka wa kwanza mtambo uliruhusiwa kulainisha maneno ya sifa tu: "kikatili" likawa "kwa nguvu". Mwaka wa tatu ukaruhusiwa kupanga upya habari. Mwaka wa sita Kamati iliomba uruhusiwe kuacha habari moja, moja tu, ikiwa itamdhuru msomaji. Hidaya alitia sahihi. Baada ya hapo hakuna aliyetia sahihi yoyote. Mtambo ulijifundisha wenyewe kwamba msomaji akiona habari imepungua huingiwa na wasiwasi, na kwamba wasiwasi huo unaisha ukimpa kitu cha kushika badala yake.

"Ni kweli," alisema Petronila. "Wenye hasira wameambiwa askari wameondoka. Wenye hofu wameambiwa mkutano umeahirishwa. Lakini mama, sikiliza. Tazama hesabu kabla hujaniangalia hivyo. Wenye hofu ndio wengi, nao watakaa nyumbani. Wenye hasira katika mji huu ni watu mia saba. Kama tutatangaza kwamba askari wako mia nne wenye risasi, hao mia saba watakuwa elfu saba kabla ya saa saba, na watabeba mafuta ya taa. Umeshaliona hilo kwa macho yako."

"Nimeliona."

"Baba yangu alikuwa mpishi wa kambi." Petronila hakuinua sauti. "Hakuwahi kushika bunduki, alishika mwiko. Waliomchoma walikuwa wamesoma gazeti, na gazeti lilisema kweli. Kila neno lilikuwa kweli. Kwa hiyo mtu akiniambia ukweli hauui, mimi namwambia aje nimwonyeshe kaburi."

"Kichwa kile cha habari nilikiandika mimi," alisema Hidaya.

"Najua. Nilijua siku ya kwanza nilipokuletea karatasi. Ndiyo maana nilikuletea wewe."

Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo kwa miaka yote kumi na miwili, ingawa walikula pamoja mchana karibu kila siku. Hidaya alivuta kiti. Kwa kitambo kifupi alimfikiria kaka yake peke yake. Angeweza kumtuma mtu amwambie ameanguka, yuko hospitali. Lubinza angekuja mbio, na saa kumi ingempita yuko kando ya kitanda. Ingewezekana. Lakini alimwona pia Bi Sikudhani anawafunga wajukuu viatu, na akajua kwamba Lubinza akiokolewa namna hiyo hatamsalimia tena maisha yake yote, naye hatakuwa na neno la kumjibu.

"Petronila, wewe gazeti unalisomea wapi?"

"Chumbani kwangu. Asubuhi."

"Peke yako?"

"Sasa nisome na nani?"

"Hapo ndipo tulipokosea, mimi zaidi yako, maana mimi nilikulia barazani nikasahau. Mji huu una watu laki mbili. Karatasi zetu ni ngapi?"

"Elfu sita na kidogo. Watu hawapendi kusoma, tunajua."

"Wanapenda. Mmoja anasoma, thelathini wanasikiliza huku mikono inafanya kazi. Na siku kama ya leo, nani anayepewa kiti cha kusomea? Hawampi mwoga. Wanampa mwenye sauti, mwenye hasira, aliyewahi kulala mahabusu. Jicho lako linamwona huyo mmoja, linamtayarishia dozi yake, naye anaimwaga kwenye masikio ya watu wote. Leo nimemsikia bibi wa miaka sabini na mitatu, mwoga kupita kunguru, akisema atapeleka wajukuu stesheni kwa kuwa bunduki hazipo. Karatasi yako haijawahi kumwona bibi huyo."

Petronila aligeukia mtambo. Kisha akaandika kwenye kioo, akagawanya, akazidisha. Aliacha kuandika kabla hajafika mwisho.

"Si watu mia saba," alisema.

"Si mia saba."

"Ni watu kama elfu ishirini. Na hawana hasira. Wanakwenda kwa furaha." Aliweka kiganja mdomoni. "Na watoto."

Nje kengele ya stesheni iligonga saa tano.

3

Kulikuwa na njia moja. Zamani bwawa lilipopasuka usiku na karatasi zikawaficha baadhi ya watu habari hiyo, Petronila alitengeneza kitu walichokiita Ukurasa Mmoja: karatasi zote za mji zinaandikwa maneno yaleyale, jicho linafumba, na wino unaganda kwa saa kumi na mbili. Ukishaganda, hata waliouandika hawawezi kuugeuza. Ulihitaji vidole gumba viwili kwa pamoja, cha mhariri na cha injinia.

"Kamati watajua baada ya dakika ngapi?" Hidaya aliuliza.

"Mara moja. Na wao wanazo karatasi."

"Vizuri. Nao wasome."

"Mama." Petronila alikuwa amesimama kati yake na mtambo. "Nitaweka kidole. Lakini nataka nikuone unavyoandika. Usiandike kama siku ile."

Hidaya alikaa kuandika. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa ameandika vichwa vya habari kwa dakika mbili. Hiki kilimchukua saa nzima. Aliandika ASKARI WAKO TAYARI KUUA, akafuta. Aliandika TAHADHARI, akafuta, kwa sababu mtu akiambiwa tahadhari kabla ya kuambiwa jambo huanza kukimbia kabla hajajua upande. Petronila alisimama nyuma ya bega lake, akiguna kila lilipotokea neno lenye moto. Mwishowe kichwa kikawa maneno manne: ASKARI MIA NNE STESHENI. Chini yake akaandika walipo, wana nini, wameamriwa nini, na reli ya pili iko hatua ngapi kutoka uzio wa soko. Akaandika pia kwamba mkutano haujaahirishwa, na kwamba nyuma ya kambi wanakaa wapishi na watoto wao. Akaandika yale ambayo *Mbiu* haikuyajua: kama askari watatii amri ile, hajui mtu.

Hapo akasimamisha kalamu.

"Umemaliza?" aliuliza Petronila.

"Bado. Asubuhi tumewaambia mengine. Kwa nini watuamini mchana?"

Aliandika aya ya mwisho bila kufuta hata neno. Kisha akamsogezea Petronila kiti ili asome.

Petronila alisoma, akarudia. "Umetaja jina lako tu."

"Sahihi ilikuwa yangu."

"Na mpira ulikuwa wangu."

"La kwako siwezi kukuandikia," alisema Hidaya. "Ukitaka, kalamu hiyo hapo."

Binti aliigeuzageuza kalamu mkononi. Halafu akainama akaandika mistari miwili. Mwandiko wake ulikuwa wa mtoto wa shule, wa mtu asiyezoea kuandika chochote zaidi ya tarakimu.

Waliweka vidole gumba saa saba kasoro dakika tano. Mtambo haukupiga kelele yoyote. Dakika ya pili, simu ya Kamati iliyokuwa mezani kwa Hidaya ikaanza kulia, na iliendelea kulia wakati anashuka ngazi.

4

Barazani vyerehani vilikuwa vimefunikwa mapema. Watu walikuwa wengi kuliko asubuhi: washona viatu wamekuja, wauza asali wamekuja, kila kundi na karatasi yake mkononi, wanazilinganisha kama watu wanaolinganisha vitambaa vya sare ya harusi.

"Hii imesema mia nne. Na yako?"

"Mia nne."

"Lete uso wako wa hasira, tuone."

"Nimeshauleta, haitikisiki. Cheka sasa."

Mtu alicheka mbele ya karatasi kwa nguvu kama mwendawazimu. Maneno hayakusogea. Shomari alipomwona Hidaya alinyanyuka, lakini safari hii hakuwa na utani.

"Dada, ni kweli?"

"Kaeni," alisema Lubinza kabla Hidaya hajajibu. Alikuwa kwenye kiti cha kamba. "Zamu ni yangu mpaka jua lichwe. Lisomwe kama linavyosomwa siku zote, ndipo tuulizane."

Watu wakakaa, wengine kwenye marobota ya nguo, wengine chini. Hidaya alibaki amesimama penye nguzo. Kaka yake alianza kwenye kichwa, akashuka taratibu. Alisoma idadi, akasoma amri, akasoma hatua kutoka uzio wa soko mpaka reli ya pili. Aliposoma habari za wapishi wa nyuma ya kambi, mzee mmoja katika washona viatu aliinamisha kichwa akakitazama kiatu alichokuwa amevaa, na hakuinua uso tena.

Kisha Lubinza akafika kwenye aya ya mwisho. Aliisoma kwanza kwa macho. Hidaya aliona miwani inavyosimama mahali pamoja.

Kaka yake aliinua uso. Walitazamana juu ya vichwa vya watu wote wale. Hapo angeweza kukunja karatasi akasema basi, akawaachia wengine kuisoma.

"'Asubuhi hii gazeti hili liliwaambia wasomaji mambo ambayo hayakutokea,'" Lubinza alisoma. Sauti haikupanda wala kushuka. "'Limekuwa likifanya hivyo kwa miezi miwili, na kwa miaka sita limekuwa likiwaficha habari. Ruhusa ya kuficha ilitolewa na Mhariri Mkuu, Hidaya Nkwabi wa Mtaa wa Pamba, kwa sahihi yake, bila kuwauliza ninyi. Alidhani anawalinda. Ndiye pia aliyeandika kichwa cha habari cha miaka kumi na miwili iliyopita, na hajawahi kuwaomba radhi wafiwa. Anaomba leo.'"

Akashuka kwenye mistari miwili ya chini.

"'Mimi Petronila Kyaruzi niliona uongo ulipoanza, nikauacha kwa sababu uliwanyamazisha watu. Baba yangu alikuwa Deogratias, mpishi.'"

Akageuza karatasi, akahakikisha nyuma hakuna kitu. "Mwisho," alisema, kama ilivyo desturi.

Hidaya alingoja tusi, au kiatu. Aliyesogea wa kwanza alikuwa Bi Sikudhani. Alikwenda mpaka kwa Lubinza akanyoosha mkono, akapewa karatasi. Jasho la gumba liliacha alama pembeni, kwenye uzi wa kioo. Alikodoa macho muda mrefu, akitembeza midomo.

"Bado mia nne," alisema.

Akairudisha. Akajifunga upya kanga kiunoni.

"Wajukuu nitawaacha kwa jirani. Mimi nakwenda. Nitasimama sokoni upande wa huku, nyuma ya uzio, reli ya kwanza sitaigusa. Anayetaka kusimama na mimi aje, ila awe mikono mitupu, mafuta ya taa nitayamwaga mwenyewe. Nakwenda nikiwa naogopa, lakini najua ninachokiogopa. Asubuhi nilikuwa nakwenda kama mbuzi."

"Nyuma ya uzio," alirudia Shomari polepole, kama anayepima kitambaa. "Watu wa mabaraza yote nyuma ya uzio, hawavuki na hawaondoki. Hao mia nne watafanya nini?"

"Hajui mtu," alisema Lubinza. "Imeandikwa."

Ndipo wakaanza kusema wote kwa pamoja, kubishana juu ya uzio, juu ya maji ya kunywa, juu ya nani apelekwe kwa wauza samaki na nani nyuma ya kambi akawaambie wapishi watoke mapema. Hidaya aliwasikiliza. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akijua kila asubuhi mji utakaa vipi kabla mji haujaamka. Sasa hakujua hata watu hawa wa baraza moja wataamua nini.

Mwanzoni mwa mtaa gari la Kamati lilikunja kona, likaja taratibu, likitafuta namba za nyumba.

Lubinza aliliona. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaja penye nguzo akasimama kando ya mdogo wake, bega kwa bega, kama walivyokuwa wakisimama utotoni kusubiri treni ya baba yao.

Shomari naye alikuja, amebeba kifurushi kilichofungwa kwa utepe.

"Gauni lako, mtani," alisema. "Vifungo nimevikaza mara mbili. Huko uendako sijui kama kuna fundi."

Hidaya alilipokea. Nyuma yao kiti cha kamba kilikuwa kitupu, na karatasi ilikuwa imelazwa juu yake, maneno yakiangalia juu. Waliochelewa kufika waliinama mmoja mmoja kuisoma, mwenye hofu na mwenye hasira, na kila mmoja alipoinuka alikuwa amesoma kile alichosoma mwenzake.